Sisi Watu wa Duara Hatuagi

Nianze na lile la aibu nilitoe kabisa, maana nikilibakiza tumboni litanizuia kusema mengine. Mimi nilimng'ata mwanangu. Kwa meno. Mtoto wa miaka minne, mkononi, hapa, chini kidogo ya kiwiko.

Namwona mama yule pale mbele ameziba mdomo. Cheka tu mama, usijizuie. Na hili pengo mnaloliona nilikuwa nalo tayari, kwa hiyo alama niliyomwachia ilikuwa na nafasi katikati. Hata ningetaka kukana nisingeweza.

Tena si nyumbani, ambako mtu unafunga mlango. Ni kliniki. Foleni ya akina mama na watoto wao, mwanaume niko peke yangu, mke wangu yuko nyumbani na malaria, mimi nimempeleka mtoto wetu mdogo kupimwa uzito. Huyu mkubwa nilimwambia tu, "Kaa hapa na bibi, mimi naenda dukani mara moja kununua maji." Akanirukia, akaning'ata pajani, nikaruka kama nimekanyaga kaa la moto. Sasa kuna mtu alishaniambia kwamba mtoto anayeng'ata dawa yake ni na wewe umng'ate, aonje maumivu yake, hatarudia. Basi nikashika mkono, nikang'ata.

Foleni nzima ikageuka. Yule bibi nyuma yangu akasema, "Mayu wee! Na huyu baba naye mpimeni uzito, labda hajala."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, ndiyo kazi yangu hiyo. Nesi akatoka, akamshika mtoto mkono, akaugeuza.

"Huyu kang'atwa na nini? Mbwa?"

Mwanangu akamjibu taratibu, "Na baba."

Hakulia, ndugu zangu. Alinitazama tu, kama mtu aliyekuwa anajua kwamba hilo litakuja. Hapo kicheko kikanikatikia. Mtoto akilia unajua bado anakutegemea umbembeleze. Huyu wangu alishaacha.

Mwenyekiti wenu aliponikamata hapa Ngokolo, nimekuja zangu kusalimia wakwe, akasema njoo kwenye kikundi cha wazazi utoe ushuhuda, nilimwambia, mama, mimi shule niliishia kidato cha pili, na hicho chenyewe nilikiacha katikati kama chai ya moto. Akasema hatutaki cheti, tunataka ulichopitia. Haya. Majina sitaji. Mtoto tumwite Shija, ingawa silo jina lake, asije akakua akanidai.

Mimi ni mchimbaji, huko Rwamgasa. Shimo letu sisi tunaliita duara, linashuka chini kama kisima, halafu likifika kwenye mwamba linakwenda pembeni. Unashuka na kamba, juu kuna mtu wa winchi anakushusha na kukupandisha, na kuta zimezuiwa na miti tunaiita matimba. Hiyo ndiyo ofisi yangu, haina kiyoyozi ila baridi ipo.

Sasa sisi watu wa duara tuna miiko yetu. Mkubwa kuliko yote, kwenye kambi yetu, ni kwamba ukitoka nyumbani kwenda kushuka, huagi. Husemi kwaheri, husemi tutaonana, husemi chochote. Unaondoka kama umeenda chooni. Ukiaga, umejiaga mwenyewe. Tunasema ardhi ina masikio. Na ukishatoka hugeuki nyuma. Nilifundishwa hivyo na walionitangulia, na walionifundisha wengine wako hai na wengine hawapo, lakini hakuna aliyewahi kuuliza kama wale wasiokuwepo waliaga au hawakuaga.

Basi mimi kila asubuhi nilikuwa natoka kwangu kama mwizi, tena mwizi wa kuku. Viatu mkononi, mlango nauinua kidogo usilie. Shija akiamka akaniona, namwambia, "Naenda dukani kununua biskuti, narudi sasa hivi." Huyo, nimekwenda hadi jioni. Miaka yake yote minne nimekuwa naenda dukani. Na nikirudi, biskuti sina.

Mwaka huo, kabla ya mambo ya kliniki, mvua zilinyesha sana. Siku moja asubuhi tuko watatu chini, nikasikia matimba yanalia. Ule mlio sijui nikuelezeeni vipi. Ni kama mtu anasaga meno usingizini. Kisha udongo ukashuka, tochi yangu ikazimika, na njia ya kutokea ikafunga.

Hatukufa, kama mnavyoona. Mwenzetu mmoja alivunjika mguu. Tulikaa mle tangu asubuhi ile mpaka kesho yake mchana. Na mimi mle ndani nilikuwa nachekesha. Nawaambia wenzangu, jamani leo tajiri wetu, mwenye duara, atatulipa na posho ya kulala nje. Mwenye mguu akanijibu, "Nyamaza, unamaliza hewa." Nikanyamaza. Nilipokuwa kimya ndipo nikasikia meno yangu yanagongana. Nikayazuia kwa mkono, hivi. Nilikuwa naogopa wenzangu watasikia.

Walitutoa. Kelele, vigelegele, mimi nikasimama na matope yangu nikasema, "Hata huko chini wamenikataa, wamesema niongeze ukubwa wa akili kwanza." Watu wakacheka mpaka wakalia. Mtaa mzima ukajua kwamba Baba Shija hana neno, yuko vilevile.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba mwanangu alikuwa pale mdomoni mwa duara muda wote ule. Mama yake alikimbilia pale na mtoto mmoja mgongoni na Shija mkononi, angemwacha wapi? Akaona wanawake wanajitupa chini. Kuna mtu, hata simlaumu, alishaleta shuka jeupe, limekunjwa, limewekwa pembeni juu ya jiwe. Shija akauliza, "Baba yuko wapi?" Na mama yake, kwa kuchanganyikiwa, akasema lile tunalosemaga siku zote. "Baba kaenda dukani."

Mnaona? Mimi sikuona. Ilinichukua miezi.

Nilirudi nyumbani, nikapumzika wiki mbili, nikarudi kazini kwenye duara jingine. Na mtoto akageuka. Alikuwa ameshaacha kukojoa kitandani, akaanza upya. Alikuwa anampenda mdogo wake, sasa anamfinya. Ukimnyima kitu kidogo anajirusha chini, anapiga kichwa kwenye ukuta, unasikia nyumba inasema du, du. Kuna siku natafuta mabuti yangu ya kazini sioni. Nikazunguka nyumba nzima. Mke wangu akaniita chooni, "Baba Shija, njoo uchungulie." Yapo chini mle, yanaelea. Jozi nzima! Nilimchapa. Jirani akanitania, "Kaka, hayo mabuti sasa yana cheo, yameshuka kina kirefu kuliko wewe."

Nilichapa, nikafoka, nikamtishia polisi, nikamtishia mganga wa sindano. Mama yangu mzazi akapiga simu kutoka Kishapu kule Mhunze, akasema huyo mtoto kachezewa kichawi, mleteni. Nikasema hapana mama, huyu ana kiburi tu, amerithi kwa babu yake. Halafu kila ukimtajia neno duka ndiyo balaa. Mama yake akisema naenda dukani kuchukua chumvi, mtoto anamkamata kitenge, anang'ang'ania, anang'ata. Sisi tunasema, mtoto gani huyu anachukia duka? Watoto wa wenzetu ndiko wanakolilia kwenda!

Na mimi nyumba ile nilikuwa nani? Nilikuwa baba anayelala taa inawaka. Nilimwambia mke wangu ni kwa ajili ya mtoto, asiogope giza. Uongo. Mimi nikizima taa nasikia matimba.

Baada ya ile aibu ya kliniki nilikaa siku mbili simwangalii mtoto usoni. Siku ya tatu asubuhi natoka, viatu mkononi, nikasikia kitu kimenishika mguu. Alikuwa amelala mlangoni, ndugu zangu. Kumbe amehamia pale, kalala kwenye kizingiti kama paka, ili nisipite. Akaanza kupiga kelele, majirani wanachungulia, mimi nimechelewa. Nikamng'oa mguuni. Nikamwambia neno ambalo kila mzazi hapa ameshalisema, msinidanganye. Nikasema, "Ukilia, sirudi. Umesikia? Ukiendelea kulia baba harudi tena."

Akanyamaza palepale. Kama umezima redio.

Nikaondoka nafurahi. Nikasema kumbe dawa ilikuwa hii.

Saa sita mchana nimepanda juu nakunywa maji, namwona mke wangu anakuja mbio, khanga imedondoka hajui. "Shija yuko huku?"

"Huku afanye nini?"

"Hayupo. Tangu nilipokuwa nafua. Nimezunguka kila nyumba."

Sasa nyie wa mjini mtoto akipotea mnawaza barabara. Kwetu eneo lile limejaa mashimo yaliyoachwa. Watu wamechimba, hawakupata kitu, wamehama, shimo limebaki wazi, majani yameota pembeni, ukipita huoni. Mtu mzima anadumbukia. Mimi mwenyewe nimechimba kadhaa na sikuyafukia. Nilikuwa nasema nitafukia wiki ijayo.

Tulisambaa. Winchi zikasimamishwa, karasha la kusagia mawe likazimwa ili tusikie. Mimi nalala kifudifudi kwenye kila shimo, naita, "Shija!" Halafu nasikiliza. Shimo linarudisha sauti yangu mwenyewe. Nikiangaza tochi naona maji chini, nayatazama mpaka yatulie nijue kama kuna kitu. Naamka naenda lingine. Sikumbuki nilifanya mashimo mangapi. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa naongea peke yangu, nasema, kama umo humu basi nisikuone, na palepale nasema hapana, nikuone. Mwenzangu niliyekuwa nashuka naye kila siku, jitu la miraba minne, lilikuwa linanifuata nyuma limeshika shati langu nisije nikadumbukia.

Ndipo mtu akapunga mkono kutoka mbali, kwa utaratibu, bila kupiga kelele.

Alikuwa yule binti anayefundisha chekechea kule jirani na kanisa. Binti mdogo tu, sisi wachimbaji tulikuwa tunamcheka, tunasema analipwa kwa kuimba. Amelala chini kwenye majani, kifudifudi, mdomoni mwa shimo la zamani. Pembeni yake amelala Shija. Kichwa na mabega ya mtoto viko nje, juu ya shimo tupu. Na mkono wa yule binti umeshika kaptula ya mwanangu kiunoni, umeikunja ngumi.

Nilitaka kukimbia. Akasema bila kugeuka, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anaomba kijiko, "Baba Shija, usikimbie. Ukingo unamomonyoka. Njoo kwa magoti."

Nikaenda kwa magoti. Nilipofika karibu nikasikia mwanangu anaongea na shimo.

"Baba, nimenyamaza. Silii tena. Rudi."

Halafu anasubiri. Halafu tena. "Baba, nimenyamaza."

Ngojeni kidogo.

Naomba maji. Asante, mama.

Nilimshika mguu, nikamvuta taratibu, nikamkumbatia. Mtoto akanitazama, akatazama shimo, akanitazama. Hakuelewa nimetokea upande gani.

Yule madam alitupeleka darasani kwake, mimi, mke wangu na mtoto, wanafunzi walishatawanyika. Hakunigombeza. Nilikuwa nasubiri anigombeze, ningejua la kujibu. Alimpa mtoto uji, akamwacha anywe, akaniuliza tu.

"Asubuhi unatokaje nyumbani, baba?"

"Kwa mguu."

"Nauliza mtoto unamuagaje."

Nikacheka. "Madam, sisi watu wa duara hatuagi."

"Kwa hiyo yeye anajuaje unaenda wapi?"

"Namwambia dukani."

Mke wangu ndiye aliyeinua kichwa, akajishika kifua. "Siku ile," akasema. "Siku ile pale shimoni aliniuliza, na mimi nikamwambia hivyohivyo. Dukani."

Hapo ndipo nikaanza kuhesabu nyuma. Duka. Biskuti. Kliniki, nilikuwa nimesema naenda kununua maji. Mama yake na chumvi. Kwa mwanangu, duka ni mahali ardhi inapokumeza, na watu wanakuja na shuka jeupe. Kila tulipomwambia tunaenda dukani alikuwa anapigania roho zetu kwa meno, na sisi tunamchapa.

Madam akasema, "Huyu hana kiburi. Huyu anaogopa, na hana maneno ya kusemea, kwa hiyo anasemea meno. Mwambie ukweli wa saizi yake. Unaenda wapi, utarudi lini, kwa kitu anachokiona kwa macho, maana saa hajui. Kisha urudi muda huohuo. Akipiga kelele chuchumaa, uwe mfupi kama yeye, umwambie najua unaogopa. Akitaka kung'ata mpe kitambaa ang'ate. Na usicheke wakati yeye analia."

Nikasema mengine yote nitafanya, kuaga siwezi. Nikiaga nitakufa, nani atamlea?

Akasema, "Sawa, baba. Mtaongea na mama yake."

Tulirudi nyumbani. Tukala, mke wangu akaondoa vyombo. Kisha akasema, na naomba akina baba mlio humu mnisikilize hapa, akasema, "Ile siku duara lilipofunga, unajua nilikaa nawaza nini masaa yote yale? Wananiuliza ulivaa shati gani, ili wakikupata wakutambue. Sikuweza kujibu. Ulitoka nikiwa nimelala. Nilikuwa najaribu kukumbuka neno la mwisho uliloniambia, nikakuta ni la juzi yake, uliniambia mboga ina chumvi."

Miaka saba ya ndoa. Mboga ina chumvi.

Nikamwambia, "Mama Shija, naogopa." Sikuwahi kulisema hilo neno tangu nizaliwe. Lilitoka dogo, kama la mtoto. Akasema, "Najua. Unafikiri taa ile inawaka kwa ajili ya nani?"

Asubuhi nikavaa viatu ndani ya nyumba, mbele ya watu. Nikachuchumaa. Nikasema, "Shija, baba anaenda kazini, duarani. Haendi dukani. Ng'ombe wa mzee jirani wakirudi jioni wakapita hapa na vumbi lao, na mimi narudi. Kwaheri."

Lile kwaheri nililisema nimefumba macho. Mtoto akapiga yowe, akanirukia, akaning'ata begani. Nikaacha ang'ate. Nikamwambia, "Unaogopa baba asipotee. Na baba anaogopa." Akaachia, akanitazama. Sidhani alikuwa anajua kwamba na mimi huwa naogopa. Mama yake akamchukua analia. Nikatoka. Na nikageuka nyuma, ndiyo, mwiko wa pili, nikapunga mkono. Hata mbwa wa jirani, ambaye kila siku hunibwekea, siku hiyo aliniacha nipite.

Nilipofika kambini nikafanya kosa la kuwaambia wenzangu. Jamani! Yule rafiki yangu jitu la miraba minne, aliyenishika shati jana yake, akarudi nyuma hatua tatu.

"Umefanyaje?"

"Nimeaga."

"Umeaga nyumbani halafu unakuja kushuka na mimi? Bebe wewe, una wazimu? Shuka peke yako na kwaheri yako!"

Wengine wakasema hata kamba nisiiguse. Msimamizi akaona kazi italala, akasema basi huyu abaki juu, ashike winchi, wengine shukeni.

Ndugu zangu, nawaambia, ningeomba nishuke. Kukaa juu kulikuwa kubaya zaidi. Nimeshika kamba iliyobeba watu wanne, na kichwani mwangu naambiwa kwaheri yako imekosa pa kwenda, kwa hiyo itawaangukia hawa. Kila kamba ikitikisika nainama kuchungulia. Kiroba cha mawe kikichelewa naita, "Mko wote?" Wanatukana kutoka chini, na mimi nashukuru yale matusi. Jua halisogei. Mchana udongo kidogo ulimeguka pembeni ukaingia shimoni, ukubwa wa sufuria tu, na mimi nikapiga ukelele ambao nasikia walioko karashani waliusikia. Chini kimya. Kimya. Halafu sauti ya yule rafiki yangu, "Nani kanimwagia mchanga kwenye ugali?"

Saa kumi wakapanda. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, jitu langu la nne. Niliwahesabu kwa kuwagusa vichwa, mmoja akanipiga kofi la mkono. Sikusubiri kunawa. Nilikimbia, ndugu zangu, na tope langu, kwa sababu niliona vumbi la ng'ombe kwa mbali upande wa bondeni, na mimi niko mbali kuliko wao. Nilishindana na ng'ombe! Watu wanafikiri nimeiba. Nilifika nyumbani ng'ombe wa kwanza anapita mlangoni.

Shija alikuwa amesimama nje, ameshika mti wa uzio kwa mikono miwili. Akatazama ng'ombe. Akanitazama mimi. Akasema, "Wamekuja." Kisha akaingia ndani kucheza.

Basi. Hakunikumbatia, hakuna muziki uliopigwa. Aliingia kucheza. Nikakaa chini pale nje na matope yangu nikalia, na safari hii sikuzuia meno.

Msidhani aliamka kesho malaika. Wiki ile alinigombania kila asubuhi. Tulimpa kitambaa cha kung'ata, kipande cha kitenge cha mama yake, akakitoboatoboa kama panya. Kuna siku nilichelewa, ng'ombe walipita mimi sipo, na usiku huo kitanda kililowa na ukuta ukapigwa kichwa. Tangu siku hiyo nikiona nitachelewa natuma mtu aende kwa miguu, amwambie mtoto mwenyewe, siyo mama yake tu. Wenzangu wananicheka, wanasema mheshimiwa anaomba ruhusa. Polepole yowe likawa kilio, kilio kikawa mnuno, mnuno nao ukawa maswali. "Ng'ombe wale wale?" Wale wale, mwanangu. Mdogo wake anamfinya bado, lakini sasa ni ufinyaji wa kawaida wa ndugu, wenye sababu.

Na duara sijaliacha, msinipigie makofi ya bure. Nashuka. Bado nasikia matimba. Lakini nilikwenda nikayafukia yale mashimo yangu niliyoyaacha, na wengine wakafukia yao.

Nawashukuru. Namshukuru yule madam wa chekechea aliyelala chini kwenye ukingo unaomomonyoka, akashika kaptula ya mtoto asiye wake, na wala hakumvuta kwa nguvu. Namshukuru nesi, ambaye hakuniitia polisi ila aliniambia rudi hapa tuongee, na baadaye nilirudi. Mke wangu, yuko pale nyuma anajificha kwa aibu. Na Mungu, aliyeniacha hai kwa sababu anazozijua yeye.

Mkiniuliza nimejifunza nini, sina maneno ya shule. Nyumba ikipata tetemeko, mtoto mdogo ndiye anayetikisika kwa nje, sisi wakubwa tunatikisikia ndani. Tunamchapa kwa sababu anaonyesha kile tunachokificha. Usimchape. Chuchumaa. Mwambie unakwenda wapi. Na ukisema utarudi ng'ombe wakirudi, kimbia.

Nimalizie na huyu rafiki yangu, jitu la miraba minne, aliyekataa kushuka na mimi. Ilipita kama miezi miwili. Siku moja tumekaa juu ya kifusi tunasubiri zamu, akanisogelea, akatazama huku na huku kama anataka kuniuzia kitu cha wizi. Ana binti wa miaka sita, hajawahi kumsumbua hata siku moja. Mtoto mtulivu, kila mtu anamsifia.

Akaniambia, "Kaka, leo nimemuaga yule binti yangu. Usimwambie mtu. Nimemwambia baba anaenda kazini, atarudi jioni. Unajua kaniuliza nini? Kaniuliza, 'Kwani huwa unarudigi?'"